Shela ya Popo

4 Februari

Mdogo wangu,

Shikamoo yako ilifika, marahaba. Sisi huku wazima. Mama mzima pia; magoti yake ndiyo yanayolalamika, yeye mwenyewe halalamikii kitu isipokuwa chai yangu. Cherehani kubwa imebadilishwa mkanda na sasa inakwenda kimya, ndiyo maana tumeanza kusikia mengine.

Tuna popo darini. Si wale wakubwa wanaokula matunda. Hawa ni wadogo, kama kidole gumba kilichoota mabawa, na wamechagua kuishi juu ya chumba changu cha kushonea. Mchana kutwa wanakwaruza na kulialia kama watu wanaogombana kwa adabu. Kwenye dari kuna doa, karibu kabisa na meza ya kukatia, na linazidi kupanuka. Harufu sitakueleza, huenda unasoma huku unakula.

Unajua chumba hiki ndicho nilicho nacho. Sasa sikiliza. Matroni wa hospitali amenipa kazi ya gauni la harusi la binti yake. Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Gauni jeupe la hariri, mkia mrefu, shela ya kufika sakafuni. Matroni huyu akikunja pua, wodi nzima inanyamaza. Popo mmoja akijisaidia juu ya hariri hiyo, mji huu hautanipa hata foronya nishone. Na yule mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Madoido kwa kuwa hajawahi kukutana na shanga akaikataa, atakuwa na wateja wangu wote kabla sijafunga mlango.

Fundi wa paa anashauri moshi wa pilipili, na moshi ukishindikana, sumu. Mama anasema moshi ukiwashwa anahamia kwako. Wewe umepima mapori na mapango, lazima ulikutana nao. Wanaondokaje? Jibu upesi. Na uniambie unakula nini, maana mpima ardhi wa miaka hamsini kasoro anayeishi peke yake na darubini yake hawezi kuwa anakula chakula cha maana.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Shikamoo, na Mama mfikishie shikamoo yake na pole ya magoti. Mimi mzima. Nakula.

Nimechelewa kwa sababu sikutaka kubahatisha. Porini tulikutana na popo, ni kweli, lakini tulioondoka ni sisi. Kwa bahati jirani wa ghorofa ya chini anafundisha elimu ya wanyama chuoni, na popo ndiyo kazi yake. Nilibisha hodi nikiwa na swali moja. Niliulizwa maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo, nikarudi juu kutafakari, nikashuka tena. Ni mtu anayeeleza jambo hadi unaliona. Ana kabati zima la mafuvu madogo, kila moja na kibandiko chake, na anacheka bila kutoa sauti.

Majibu ni haya. Moshi na sumu, hapana. Wakifia darini, doa ulilo nalo leo utalitamani. Na tundu wanalopitia usilizibe sasa. Msimu huu wana watoto ambao hawajaanza kuruka. Mama zao hutoka jua likizama kutafuta wadudu, kisha hurudi kunyonyesha. Ukiziba mama wakiwa nje, watoto watakufa njaa ndani. Ukiziba wote wakiwa ndani, watatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni chumbani kwako. Jirani anakadiria watoto wataruka mwishoni mwa Machi. Hapo mtawatoa bila kumuumiza hata mmoja, na gauni litakuwa bado lina muda.

Kwa sasa tundika turubai safi kati ya dari na meza. Jioni kaeni nje mwangalie wanatokea wapi. Tundu lenyewe laweza kuwa jembamba kama kidole. Popo asishikwe kwa mkono mtupu, na akimng'ata mtu, mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hujaziba, sivyo?

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imeanza, barabara imekuwa uji, na Madoido ameweka mbao za kukanyagia kutoka barabarani hadi mlangoni kwake, kana kwamba huku kwangu watu wanaogelea.

Turubai nimetundika. Mama amejipa kazi ya kukaa nje jioni na kiti chake, na ndiye aliyeona wanapotokea: pembeni kabisa mwa paa, pale ubao wa ukingoni ulipoachana na ukuta. Anasema wanatoka mmoja mmoja, kama watu walioambiwa wasisukumane. Anawapenda. Anasema hawagongi milango.

Gauni linaendelea. Kifua kimekaa vizuri, mkono wa kushoto ulinisumbua, sasa umetii. Alhamisi kulitokea jambo dogo. Limekwisha. Matroni amepoa.

Huyo jirani yako ni mwanamume au mwanamke? Ni mzee? Nimeisoma barua yako mara mbili. Kuhusu kabati lake la mafuvu na kicheko chake umeandika sentensi nzima. Kuhusu chakula chako umeandika neno moja.

Mama anataka kukuandikia salamu, namwachia bahasha.

Dada yako

Mwanangu, ni mimi. Dada yako ameenda kununua uzi. Aliziba. Aliziba kwa vipande vya kitambaa na gundi kabla barua yako haijafika. Ilipofika akaisoma, akaiweka chini ya mto, akasema atazibua kesho. Kesho yenyewe bibi harusi alikuwa amesimama kwenye kigoda na shimizi, Matroni kashika pini kwa meno, popo watatu wakatokea kwenye tundu la taa. Bibi harusi akapanda meza ya kukatia. Matroni alimeza mate, tunashukuru hakumeza pini. Dada yako akazima feni, akafungua madirisha yote, akasema, "Tuendelee na mkono wa kushoto." Popo wakajitokea zao. Wageni walipoondoka akapanda ngazi mwenyewe, akang'oa vitambaa vyote. Usimwambie nimekwambia. Magoti hayajambo.


24 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba turubai limetundikwa. Sijaambiwa kitu kingine chochote.

Umri wa jirani sijauliza.

Nimekawia kwa sababu ya masanduku. Jirani anasema popo ukiwatoa bila kuwaonyesha pa kwenda, wataingia nyumba ya pili, na ya pili ikiwafukuza, wanarudi kwako. Kwa hiyo wawekeeni masanduku kwanza, kabla ya kuwatoa, ili wayazoee. Tumetengeneza la mfano hapa barazani, jirani na mimi, nisije nikakupa vipimo vya kukisia. Ilituchukua jioni kadhaa kwa sababu msumeno ulikuwa butu.

Mpe seremala vipimo hivi. Urefu sentimita sitini, upana arobaini. Ni sanduku bapa, kama bahasha ya mbao: nafasi ya ndani ni sentimita mbili tu, maana popo hupenda kubanwa. Mbao zisipigwe randa wala rangi wala dawa, na upande wa ndani zikwaruzwe ili kucha zipate pa kushika. Juu pafunikwe mvua isiingie, chini pawe wazi. Yatundikwe ukutani, juu kuliko anavyoweza kufika mtu au paka, pasiwe na tawi mbele.

Sasa namna ya kuwatoa. Watoto wakishaanza kuruka, subirini jioni popo watoke, seremala achungulie darini kwa tochi, ahakikishe hakuna mtoto aliyebaki. Kisha tundikeni wavu mwepesi juu ya lile tundu, kama pazia. Ufungwe juu na pembeni, ushuke chini ya tundu kiasi cha urefu wa mkono. Aliye ndani atatambaa kwa ndani ya wavu hadi chini, atoke. Akirudi atakwenda moja kwa moja pale alipozoea, atakuta wavu, hatafikiria kuzunguka chini. Uacheni wiki nzima.

Chini ya wavu paachwe wazi. Jirani amesimama nyuma yangu na anasema nirudie: chini paachwe wazi.

Mdogo wako


8 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, anakusalimu wewe na huyo anayesimama nyuma yako.

Masanduku mawili yametundikwa, moja ukuta wa nyuma, moja ukuta wa pembeni unaotazamana na karakana ya seremala. Seremala alipanda na tochi, akashuka na utando wa buibui kichwani, akasema ndani hakuna mtoto. Wavu sikuununua. Nilikuwa na kipande kilichobaki kwenye jora la shela ya bibi harusi, neti laini, nyepesi, ya kufaa kabisa.

Nitakueleza lililotokea bila kulitia chumvi. Nilikikata kile kipande kwa vipimo vyako. Nikakiangalia. Ukingo wa chini ulikuwa haujakunjwa, unafumuka nyuzi. Tangu nianze kushona hakijatoka mlangoni kwangu kitu kisicho na pindo. Nikasema nitaukunja tu. Ukishakunja, lazima upige uzi. Nilipopiga uzi nikaona unapepea ovyo, nikaupitishia mpira. Mpira ukaukusanya vizuri sana, nikaukaza ukutani kwa misumari midogo usije ukapeperuka. Nilishuka kwenye ngazi nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Jioni wakaanza kutoka. Wakatambaa chini kama mlivyosema, mmoja, wawili, kisha ukoo mzima, wakakusanyika kwenye pindo langu kama machungwa kwenye mfuko wa sokoni. Madoido alikuwa kibarazani kwake. Alivuka barabara na mwavuli, akaangalia juu, akaniuliza kama ndio mtindo wa mwaka huu.

Nilivaa glavu za seremala, zile za ngozi, nikapanda. Seremala alishika ngazi. Nilitafuta mshono wa kufumua taratibu ili kuokoa neti. Mama alikuwa chini kwenye kiti chake. Hakupaza sauti.

"Kata," alisema. "Hao si wateja."

Nikakata pindo langu kwa mkasi wangu wa kukatia hariri, kutoka pembe hadi pembe. Wakamwagika wote, wakaruka. Wa mwisho alinigeukia kidogo kama mtu aliyecheleweshwa kazini.

Kwa hiyo wavu sasa uko wazi kwa chini, na nyuzi zinaning'inia, na kila nikipita naangalia pembeni. Nyumba imevaa shela. Wapita njia wanauliza nani anaolewa hapa. Mama anawajibu kwamba bado hajajulikana.

Harusi ya binti wa Matroni ni baada ya wiki tatu. Doa halijapanuka, lakini sijalitoa turubai na silali vizuri. Nieleze tunafunga lini.

Na lile suala la jioni kadhaa. Msumeno butu. Sawa. Kuhusu msumeno nimekuelewa.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Naandika upesi ili barua iwahi.

Jirani nilimsomea habari ya pindo. Alicheka hadi akatafuta kiti, na safari hii alitoa sauti. Anasema katika kazi yake yote ameona watu wakikosea wavu kwa uvivu, hajawahi kuona aliyeukosea kwa ubora. Sehemu ya msumeno sikuisoma. Aliisoma mwenyewe, barua ilikuwa mezani.

Wiki ikipita, kaeni jioni mbili mfululizo mtazame. Asipotoka hata mmoja, toeni wavu siku hiyo hiyo, rudisheni ubao ukutani, mzibe kwa waya wa matundu madogo na saruji. Zungukeni paa lote. Pengo linaloingiza kidole linaingiza popo. Kinyesi cha darini kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kinyunyiziwe maji kwanza, na anayefagia avae barakoa na glavu. Kisha badilisheni kile kipande cha dari.

Jirani anauliza kama unashonea watu wa mbali. Nimemwambia nitauliza.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima, na nalala.

Tulitazama, hakutoka hata mmoja. Seremala akaziba, akapaka, akaweka dari mpya. Chumba kinanuka mbao na chaki, kama zamani.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, Matroni alikuja kukagua. Gauni nilikuwa nimelivalisha sanamu katikati ya chumba. Alivaa miwani, akalizunguka kama anayekagua kitanda cha mgonjwa. Akafika kwenye mkia, akainama. Palikuwa na kitu cheusi, kidogo, kimelala juu ya hariri. Bibi harusi aliangalia dari. Mimi niliangalia mlango. Matroni alikiokota kwa ncha ya kidole, akakinusa.

"Jani la chai," alisema.

Mama alikuwa ameketi pembeni na kikombe. Alinitazama mimi, kana kwamba chai mbaya ni yangu hata ikimwagwa na mwingine. Lilikuwa kavu, likapulizwa, likaondoka bila alama. Jumamosi gauni liliingia ukumbini likiwa jeupe kama lilivyotoka kwenye cherehani. Jumatatu Matroni akaniletea kazi ya sare za wodi nzima.

Sasa popo wenyewe. Katika masanduku hawakuingia. Waliyazunguka, wakayanusa, wakavuka barabara. Walihamia nyuma ya kibao cha jina cha Madoido, kile chenye shanga. Nilijikausha. Kila jioni nilikunywa chai yangu nikiwatazama wakitokea kwenye herufi ya kwanza, na chai ilikuwa tamu. Mama alinivumilia, kisha akasema kama sivuki mimi, atavuka yeye na magoti yake.

Nikavuka, na sanduku la pili chini ya kwapa, na ile neti. Madoido alinipokea kwa jicho la pembeni. Nilimweleza yote, toka watoto hadi waya wa matundu, na nikamwonyesha wapi pa kuacha wazi. Alikunja midomo akaniuliza kwa nini nimsaidie. Nikamjibu kuwa nimeshafurahi vya kutosha. Alicheka, akaweka maji motoni.

Ametundika sanduku nyuma ya duka, na wavu juu ya kibao. Neti ameitia shanga juu. Chini ameacha wazi, nilikagua. Wiki hii wamehama wote: nusu wako kwenye sanduku lake, nusu kwenye langu la nyuma. Mama amehamisha kiti huko. Mbu wamepungua hadi tunakaa nje mikono wazi.

Mwambie anayeuliza: wa mbali nawashonea, mradi nipate vipimo.

Dada yako


28 Mei

Dada,

Shikamoo, na Mama pia shikamoo. Hongera kwa gauni. Jirani amefurahi kusikia habari za kile kibao.

Nakuandikia vipimo, ikiwa una nafasi kabla ya Agosti.

Mabega, kutoka ncha ya magharibi hadi ncha ya mashariki: 39.
Kifua, mzingo: 94.
Kiuno, mzingo, kwenye sehemu nyembamba kuliko zote: 76.
Nyonga, mzingo: 102.
Kimo, kutoka usawa wa sakafu hadi begani: 141.

Vyote ni sentimita. Kila kipimo kimechukuliwa mara tatu, nikaandika wastani.

Sina la kuongeza kwa sasa.

Mdogo wako


10 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Vipimo nimevipata. Hilo si sanduku la popo.

Mabega ya mtu hayana magharibi wala mashariki, akigeuka utafanyaje? Mikono hukupima. Shingo hukupima. Mgongo hukupima, na bila mgongo gauni litamkaa kama gunia. Lakini kila kipimo umechukua mara tatu, na mwenyewe alisimama ukapima. Basi nimeshamjua kidogo.

Mama nilimsomea. Akaniomba nisome tena pale pa kiuno. Kisha akatoka na kiti chake kwenda nyuma, na nikamsikia akiwaeleza wale wa kwenye sanduku. Nje ya nyumba, wao ndio waliotangulia kujua.

Mlete nimpime mwenyewe. Msije asubuhi, asubuhi kuna sare. Njooni jioni, Mama ana jambo la kumwonyesha na anataka huyo mgeni amweleze kwa nini popo wanatoka mmoja mmoja.

Shela nimeshaamua bila kukuuliza. Lile jora la neti bado lina kipande, kinamtosha hadi sakafuni. Nitakishona kwa mkono. Juu na pembeni nitafunga kwa uzi wangu mzuri kuliko wote. Pindo la chini sitalipiga, nitaliacha wazi hivyo hivyo, nyuzi zikining'inia. Nitauma meno, lakini nitaliacha. Mtu anayeingia katika ukoo wetu lazima apate pa kutokea, naye ndiye aliyenifundisha.

Sidhani kama atatoka.

Dada yako